Dogo kaambiwa haipothesisi yake "haipimiki" (mwarobaini na mahindi), msaada wadau

bintiKilosa
Habari za jioni wadau. Nina dogo yuko kidato cha tatu, klabu yao ya sayansi wanaandaa projekti za maonyesho na yeye kachagua mwarobaini kwenye kuhifadhi mahindi, maana bibi yetu huwa anachanganya majani makavu kwenye kiroba na mahindi hayo ndiyo tumekula miaka yote. Sasa kaandika haipothesisi yake (ile dhana anayotakiwa kuipima) hivi: "Majani ya mwarobaini ni mazuri kwa kuhifadhi mahindi na yanasaidia wakulima." Mwalimu kapiga mstari mwekundu, pembeni kaandika "haipimiki, rudia". Basi, hakuna maelezo mengine. Dogo karudi ananiuliza mimi, na mimi nilisoma HKL, sayansi niliiaga kidato cha nne bila kugeuka nyuma 😂

Swali langu, hiyo sentensi ina shida gani hasa? Maana mwarobaini unafanya kazi, kijijini kila mtu anajua. Na inatakiwa iandikweje? Vitu tulivyonavyo ni chupa za jamu, mizani ya jikoni ile ya kidijitali, friza ya jirani, na fukusi ndo usiseme, stoo imejaa.

Chuma_cha_Pua
Nunueni dawa ya unga dukani mchanganye, mambo ya mwarobaini ni ya mwaka 47. Ngoja waje wataalamu.

bintiKilosa
@Chuma_cha_Pua projekti ni ya mwarobaini mkuu 🙏

FundiMizani
Dada, mwalimu yuko sahihi ila kawa mchoyo wa maneno.

Muulize dogo swali moja tu: ni matokeo gani yakitokea atakubali kwamba mwarobaini umeshindwa? Akose jibu, basi bado hana haipothesisi, ana maoni. Chukua hilo neno "mazuri". Fukusi wakifa wote, mwarobaini ni mzuri. Wakifa nusu, mzuri. Akifa mmoja tu, aah si kaua hata huyo mmoja, mzuri. Hakuna siku mwarobaini utapoteza hiyo mechi, na mechi ambayo timu moja haiwezi kufungwa hata ucheze mwaka mzima hujapima kitu.

Halafu "kuhifadhi" nalo ni gunia, ndani yake kuna vitu kibao. Kuua fukusi ni kitu kimoja, kuwafukuza wasiingie ni kingine, kuwazuia wasizaliane ni kingine, punje ngapi zimetobolewa ni kingine, uzito uliopotea ni kingine tena. Mwarobaini unaweza ukawafukuza na usiue hata mmoja. Achague KIMOJA, kile ambacho ataweza kukihesabu kwa macho yake au kukiweka kwenye hiyo mizani yenu. Ile "yanasaidia wakulima" aikate kabisa aipeleke kwenye utangulizi, pale anapoeleza kwa nini kaichagua mada. Ni sababu ya kufanya jaribio, jaribio lenyewe haliwezi kuipima.

Akishachagua, sentensi iseme nini anabadilisha (kuna mwarobaini au hakuna), nini anahesabu, baada ya muda gani, na analinganisha na nini. Mambo ya "ikiwa, basi" asihangaike nayo, ni mtindo tu wa kuandika, kuna watu wanaandika "ikiwa basi" safi kabisa na bado haipimiki. Mfano wa haraka haraka: mahindi yaliyochanganywa na unga wa majani makavu ya mwarobaini yatakuwa na fukusi wachache baada ya wiki tatu kuliko mahindi yasiyochanganywa na kitu. Hiyo inaweza kushindwa. Ukikuta fukusi ni sawasawa au wamezidi kwenye mwarobaini, imeanguka, hakuna maneno.

Na kuhusu "kila mtu kijijini anajua", hapo ndipo haipothesisi nzuri zinapotoka, msimdharau bibi. Ila yeye anachanganya kiroba kizima na hana kiroba kingine cha mahindi yaleyale kisicho na mwarobaini cha kulinganishia. Huenda mahindi yake hayaliwi kwa sababu anayaanika mpaka yanakauka kweli kweli kabla ya kuyafungia.

bintiKilosa
Wee! Mbona nimeelewa mpaka mimi wa HKL. Nimemsomea dogo, kakaa na daftari kaja na hii:

"Gramu 250 za mahindi zilizochanganywa na gramu 5 za unga wa majani makavu ya mwarobaini zitakuwa na fukusi wachache baada ya wiki tatu kuliko gramu 250 za mahindi zisizo na mwarobaini, kila chupa ikianza na fukusi 20."

Iko sawa? Maonyesho ni mwisho wa mwezi ujao kwahiyo muda upo ila siyo mwingi.

Ghalani
Kwa sentensi iko vizuri, hongera kwa dogo. Kwa fukusi wenyewe itamletea shida, nafanya kazi na mahindi ya maghala ngoja niseme kidogo.

Fukusi jike hatagi yai nje. Anatoboa punje kwa mdomo wake, anaweka yai ndani kisha anaziba tundu. Mtoto anakulia humohumo kwenye punje, huwezi kumuona, na anatoka akiwa mkubwa baada ya kama wiki tano kwa joto la kama 27. Sasa dogo akihesabu wiki ya tatu kizazi kipya hakijatoka, wale waliotagwa ndani ya chupa zake bado wako kwenye punje. Anachohesabu ni walewale 20 aliowaweka, nani kafa nani mzima. Na kibaya zaidi, kama mahindi kayatoa stoo hiyohiyo iliyojaa, tayari yana mayai na watoto ndani, watatoka wakati wowote wavuruge hesabu, ataona chupa iliyoanza na 20 ina 34 na hajui 14 wametoka wapi.

Kwahiyo achague. Kama anataka uzazi, ahesabu watoto baada ya wiki sita au saba, na maonyesho yatakuwa yamepita. Kama muda ndo huo, abadilishe haipothesisi iwe ya VIFO ndani ya siku 14. Ni swali dogo zaidi ila atalijibu kweli.

Mahindi ayaweke kwenye mfuko ayaingize kwenye friza ya jirani wiki moja ili kilichomo ndani kife, akiyatoa ayaache kwanza yarudi joto la kawaida mfuko ukiwa umefungwa, asije akayalowesha na ule unyevu unaoganda nje. Unyevu apime kienyeji: chupa kavu, chumvi kavu, mahindi kidogo, tikisa dakika kadhaa. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa mahindi bado mabichi.

Na ahakikishe ni fukusi kweli. Fukusi ana mdomo mrefu kama pua ya tembo, unauona hata kwa macho ukimweka kiganjani. Ukikuta kadudu ka mviringo mrefu, kichwa kimeinama hukioni kwa juu, na mahindi yamegeuka vumbi jeupe, huyo ni dumuzi, wengi wanamuita Skania. Huyo asili yake Amerika ya Kati, hapa kwetu alianza kuonekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 80 na tabia zake ni tofauti kabisa, mpaka mbao na makopa ya muhogo anatoboa. Ukichanganya hao wawili kwenye chupa hujui umempima nani.

Chuma_cha_Pua
Kumbe Skania siyo jina la utani la fukusi wakubwa? Nimeishi na uongo miaka yote hii 😳

Ghalani
@Chuma_cha_Pua ni wadudu wawili tofauti kabisa mkuu. Na hata hiyo dawa yako ya dukani soma kwanza pakiti inaua yupi, wengi wanalalamika dawa feki kumbe wamenunua ya fukusi na stoo wana Skania.

Mwl_wa_Kitale
Niaje watu wa TZ. Mimi nafunza baiolojia huku Kitale na wanafunzi wangu huenda science fair kila mwaka, wacha niwape swali ambalo jaji atauliza, na akiuliza kama mtoto hajajipanga atatoa jasho.

Jaji atasema: "Unajuaje ni mwarobaini?" Kwa sababu chupa moja ina mahindi na unga wa majani, ile ingine ina mahindi peke yake. Kuna tofauti mbili hapo, si moja. Kuna mwarobaini, na kuna UNGA. Vumbi lolote laini humsumbua huyu mdudu, linakwaruza ile nta ya ngozi yake anapoteza maji anakauka, ndio maana wazee huku hutumia jivu. So fukusi wanaweza kufa kwa sababu ya vumbi tu na mtoto aende aseme ni dawa ya mwarobaini.

Dawa yake ni rahisi. Aongeze kundi la tatu: mahindi na gramu 5 za unga wa majani mengine yaliyokaushwa na kusagwa vilevile, kama ya mwembe ama ya mgomba, yachekechwe kwa chujio ileile. Halafu haipothesisi iseme mwarobaini utaua wengi kuliko hayo majani mengine PIA, sio kuliko mahindi tupu peke yake. Hapo amejiweka pagumu zaidi, na jaji anapenda mtu amejiweka pagumu.

Na asitumie chupa moja moja. Chupa tano kwa kila kundi. Chupa moja ikipata jua la dirisha ama mchwa, hiyo si data, hiyo ni bahati mbaya.

bintiKilosa
Mwalimu asante sana. Kwahiyo chupa 15, mahindi kama kilo nne kasoro, na fukusi... 300?! Dogo kafurahi, mimi ndo nimechoka, nani atawakamata hao 😩

Ghalani
Chekecheni mahindi yaliyoliwa juu ya karatasi nyeupe, wanaanguka wenyewe. Halafu muwahamishe kwa brashi ndogo ya rangi, msiwabane na vidole. Chupa zifunikwe kwa kipande cha kanga na mpira wa pesa, ule mfuniko wa bati utawanyima hewa. Na zisiachwe wazi hata kidogo, fukusi anapanda kioo vizuri tu, asubuhi utawakuta kwenye sukari.

msomi_wa_mtaa
Naona mnamjaza dogo mambo ya vifaa ila mmesahau kitu cha msingi, haipothesisi lazima iwe na SABABU. Sisi tulifundishwa bila "kwa sababu" siyo haipothesisi ni ubashiri. Aandike "kwa sababu mwarobaini una sumu".

Halafu swali lingine kwenu mnaojua, akipata matokeo kinyume inakuwaje? Mnamtafutia mtego mgumu hivyo, akifika maonyesho haipothesisi imekataliwa si anapata sifuri?

FundiMizani
@msomi_wa_mtaa sababu akiijua aiweke, kwenye utangulizi inakaa vizuri sana. Ila asiibebeshe kwenye sentensi anayoipima kama hawezi kuipima. Akiandika "kwa sababu una sumu" jaji atamuuliza umepimaje sumu, na jikoni kwao hawana cha kupimia. Kwanza sumu yenyewe inayosifiwa kwenye mwarobaini iko nyingi zaidi kwenye mbegu kuliko kwenye majani, sasa yeye katumia majani.

Kuhusu kukataliwa, hapana, hapati sifuri, labda akutane na jaji wa ajabu. Haipothesisi iliyopimwa vizuri ikaanguka ina maana sasa tunajua kitu. Kinachowanyima watu maksi ni kuona matokeo kinyume halafu kurudi nyuma kuibadilisha sentensi ili ifanane. Dogo aandike haipothesisi kwenye daftari na tarehe kabla hajaweka fukusi hata mmoja kwenye chupa, mwalimu asaini.

Na kama mnataka mfano wa nyumbani upo wa Erasto Mpemba. Mwaka 1963 yuko kidato cha tatu Magamba kule Lushoto, wanatengeneza aiskrimu, wanachemsha maziwa na sukari wanaacha yapoe ndo waweke kwenye friji. Nafasi zinagombaniwa, yeye akaogopa kukosa akaweka yake ya moto hivyohivyo, na ikaganda kabla ya ya mwenzake aliyeweka maziwa bila kuchemsha. Mwalimu akamwambia umechanganyikiwa. Baadaye yuko Mkwawa Iringa akaja Dr. Denis Osborne wa chuo kikuu Dar kuzungumza nao, Mpemba akanyanyuka akamuuliza, na sikilizeni alivyouliza: ukichukua vyombo viwili vinavyofanana, maji ujazo sawa, kimoja nyuzi 35 kingine nyuzi 100, ukaviweka kwenye friza, kile cha 100 kinaganda kwanza, kwa nini? Wenzake wakacheka. Ila swali lenyewe lilikuwa limeshapangwa, unajua ubadilishe nini, uache nini vilevile, uangalie nini. Hakusema maji ya moto ni "mazuri" kwa barafu. Ndo maana Osborne aliporudi Dar aliweza kumpa fundi wa maabara alijaribu. Fundi akaleta majibu kwamba kweli ya moto yametangulia, ila akaahidi wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi 😂😂. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne wakaandika pamoja kwenye jarida la fizikia na dunia nzima ikaanza kubishana.

msomi_wa_mtaa
Mpemba tunampenda wote ila usimfiche dogo. Mwaka 2016 watafiti wawili wa kule Uingereza, Burridge na Linden, walirudia wakasema hawaoni hicho kitu. Sasa huoni mfano wako umekugeuka?

FundiMizani
Haujanigeuka, umenisaidia. Soma walichopima. Wao walipima muda wa maji kufika nyuzi sifuri. Mtu mwingine anaposema "kuganda" anamaanisha chembe ya kwanza ya barafu, mwingine anamaanisha chombo kizima kimekuwa jiwe. Hayo ni mambo matatu tofauti na yanaweza kutoa majibu matatu tofauti. Na walionyesha pia kwamba ukikosea kuweka kipimajoto, kikatofautiana sentimita moja tu juu au chini kati ya chombo na chombo, unaweza ukaona maajabu ambayo hayapo. Neno "kuganda" kila mtu alidhani analijua mpaka alipoulizwa anapimaje. Dogo naye ana neno lake la hivyo, "kufa".

Mwl_wa_Kitale
Hapo umeua. Na kwa fukusi hilo neno ni balaa, wacha @Ghalani aeleze.

Ghalani
Nilikuwa nakuja hapohapo. Fukusi ni muigizaji. Ukimgusa au ukitikisa chupa anakunja miguu anajilaza kimya kama maiti, dakika chache baadaye anaamka anaendelea na safari. Dogo akimimina chupa kwenye karatasi akahesabu papohapo atakuta "wamekufa" kibao kwenye kila kundi, atafurahi bure.

Aandike kwenye mbinu zake kabisa kwamba fukusi aliyekufa ni yule ambaye baada ya kuachwa kwenye karatasi nyeupe dakika kumi bila kuguswa, akichomwa taratibu tumboni na ncha ya pini, hasogezi mguu wala kipapasio. Na anayehesabu asijue chupa ni ya kundi gani. Dada yake abandike namba tu chini ya chupa na orodha abaki nayo yeye, maana dogo anampenda bibi yake, jicho lake litaona maiti nyingi kwenye mwarobaini hata kama hazipo.

bintiKilosa
Jamani hii ya kuigiza kufa nimeenda kuitazama stoo saa hizi na tochi ya simu, ni KWELI. Nimemgusa mmoja na njiti, kakunja miguu kalala kiubavu, nikasema huyu kwisha habari yake. Nimesubiri, kaanza kutikisa kipapasio kimoja, halafu kingine, halafu huyoo kajichimbia kwenye punje. Dogo kacheka mpaka bibi kaamka.

Haya, kaandika tena. Nasoma alivyoandika:

"Baada ya siku 14, idadi ya fukusi waliokufa kwenye chupa zenye mahindi gramu 250 na unga wa majani ya mwarobaini gramu 5 itakuwa kubwa kuliko kwenye chupa zenye unga wa majani ya mwembe gramu 5, na kuliko kwenye chupa zenye mahindi peke yake. Haipothesisi itakataliwa kama wastani wa vifo kwenye mwarobaini hautazidi wastani wa kila moja ya makundi mengine mawili."

Hiyo ya mwisho kaiongeza mwenyewe. Ila ana swali, kwenye chupa zisizo na kitu fukusi wakifa nao afanyeje?

FundiMizani
Hiyo sentensi ya mwisho mwambie mimi mwenyewe kazini naona watu wazima wanashindwa kuiandika. Kitu kimoja tu, kwenye chati asichore wastani peke yake, achore nukta ya kila chupa, nukta tano kila kundi. Kama nukta za mwarobaini zimeingiliana na za mwembe mpaka huwezi kuzitenganisha, aseme hivyohivyo kwa mdomo wake hata kama wastani umezidi kidogo.

Ghalani
Wawili watatu kufa kwenye chupa tupu ni kawaida, wengine uliwakamata wakiwa wazee tayari, aandike tu. Wakifa nusu, ujue kuna kitu kimewaua kisichohusiana na majani, labda chupa zilioshwa na sabuni hazikusuuzwa au ziliwekwa juani, aanze upya asitumie hizo namba. Kwahiyo chupa mzioshe vizuri mzianike zikauke, na mahindi ya projekti yasitoke kwenye kiroba cha bibi, tayari kina mwarobaini. Nunueni sokoni, muulize kabisa kama yamepigwa dawa.

bintiKilosa
Uwii hapo kwenye kiroba cha bibi ndo tulikuwa tunaelekea. Kesho sokoni. Jirani kakubali friza ila kasema wiki moja kamili asizidishe, ana oda ya samaki Jumamosi.

Chuma_cha_Pua
Mtuletee matokeo hapahapa msipotee. Na mwembe ukishinda pia mseme, ninao uani.